Muziki Injini Ikiwa Imezimwa: Wasomaji Wauliza, Mafundi Wajibu

Barua nyingi zilizotufikia zinaeleza kisa kimoja kwa sura tofauti: gari limeegeshwa, redio inapiga, injini imezimwa, na saa ya kuondoka ikifika starta inalia tik-tik-tik na kunyamaza. Tumechagua zile ambazo maswali yake hayafanani. Majibu yanahusu magari ya volti 12, isipokuwa pale tunapotaja vingine. Herufi Ah ni amp-saa, yaani ampea mara saa.

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Naendesha teksi hapa Mwanza, gari ni Toyota IST, betri ni NS60 ya 45Ah na ina miaka miwili na nusu. Nimefunga redio ya Android yenye skrini kubwa. Nikiwa nasubiri abiria nasikiliza mpira mechi nzima, na kipenga cha mwisho kikipulizwa gari haliwaki. Fundi mmoja anasema redio ni mbovu, mwingine anasema betri imekufa. Nimsikilize nani?

JIBU: Kabla ya kumsikiliza yeyote, angalia ufunguo unauacha wapi. Swichi ya gari lako ina hatua nne: LOCK, ACC, ON na START. Kwenye ACC zinapata umeme redio, tundu la kuchajia simu na vitu vichache vidogo. Ukisogeza hadi ON, hata injini ikiwa kimya, umeamsha kompyuta ya injini, koili, taa zote za dashibodi, mfumo wa breki na wa mifuko ya hewa. Hivyo peke yake hula ampea 5 hivi, zaidi ya redio yenyewe. Madereva wengi huacha kwenye ON kwa sababu vioo vya umeme havishuki kwenye ACC. Shusha vioo kwanza, kisha rudisha ufunguo nyuma hatua moja.

Sasa hesabu. Redio ya kiwandani kwa sauti ya mazungumzo hula ampea 1 hadi 1.5. Redio ya Android yenye skrini hula 2 hadi 3, na ukifungua sauti mpaka milango inatetemeka hupita 5. Tuseme yako inakula 3. Mechi pamoja na mapumziko ni kama saa mbili: kwenye ACC umetumia 6Ah, kwenye ON umetumia 16Ah. Simu inayochajiwa inaongeza ampea 1. Mlango ulioachwa wazi unawasha taa ya ndani, na balbu za zamani nazo zina chao.

Betri yako imeandikwa 45Ah, lakini hiyo ni ya siku ilipotoka dukani. Baada ya miaka miwili na nusu ya joto na foleni, isishangaze ikiwa imebaki na 30Ah. Ukichota 16 umeshapita nusu. Hapo redio bado itaimba vizuri kabisa, na hili ndilo linalowadanganya wengi: redio inaridhika hata na volti 11, wakati starta ya injini ndogo inavuta ampea 100 hadi 150 kwa mkupuo na haitaki betri iliyochoka. Redio kuendelea kupiga si ushahidi kwamba gari litawaka.

Kanuni tunayoitumia ni kutogusa zaidi ya theluthi moja ya kilichobaki. Kwako ni 10Ah, yaani saa tatu na kidogo kwenye ACC, au saa moja na robo kwenye ON.

Nunua kivoltimita kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kiwashia sigara. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa bila mzigo, husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Usiipime mara tu baada ya kuzima injini, kwani utaona 12.9 ya uongo; washa taa kubwa dakika moja, zima, subiri kidogo, ndipo usome. Redio ikiwa inapiga, tarajia usomaji ulio chini kidogo ya hapo. Ukiona 12.2, washa injini au zima redio.

Na hili la betri kufa lipimwe, lisibuniwe. Asubuhi kabla ya kuwasha isome, kisha mwenzako apige starta huku ukiangalia mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Ikiwa ilisoma 12.6 na wakati wa kupiga starta ikashuka chini ya 9.6, fundi wako wa pili ana haki. Ikibaki juu ya 10, betri nzima, tatizo ni mazoea.

Kwa wenye magari ya kitufe: bonyeza mara moja bila kukanyaga breki, hiyo ni ACC. Bonyeza ya pili ni ON. Magari mengi ya aina hiyo hujizima yenyewe baada ya muda, dakika 20 au saa moja kutegemea toleo, na hapo watu hulalamika kwamba redio ina kasoro. Haina. Gari linajilinda.

SWALI: Nina sabufa ya inchi 12 na amplifaya iliyoandikwa 3000W. Betri ni ya 50Ah, mpya. Muuza duka Nairobi amenishauri niongeze kapasita ya faradi 1 ili betri isichoke nikiwa nimepaki. Nichukue?

JIBU: Usichukue kwa sababu hiyo. Kapasita ya faradi 1 kwenye volti 12.6 inahifadhi jouli 79 hivi. Amp-saa moja tu ya betri ni zaidi ya jouli 45,000. Kwa hiyo kapasita inaweza kusaidia pigo moja la besi lisififishe taa, lakini kuhusu muda wa kusikiliza ukiwa umepaki haiongezi hata sekunde ya kuhesabika, na yenyewe inachajiwa na betri hiyohiyo.

Hiyo 3000W nayo isikutishe. Angalia fyuzi zilizo ubavuni mwa amplifaya. Zikiwa mbili za ampea 30, jumla ni 60, na 60 kwa volti 13 ni wati 780 zinazoingia. Zinazotoka kwenye spika ni takriban 450 kwa amplifaya ya mtindo wa zamani wa AB, au 600 kwa ile ya daraja D, ambayo umeme unaopotea kama joto ni mdogo kuliko wa AB. Ukinunua upya kwa ajili ya kusikiliza ukiwa umepaki, chukua ya daraja D.

Muziki hauvuti ampea 60 muda wote. Kwa sauti ya kuchangamka na besi nzito tarajia 10 hadi 15. Betri yako ya 50Ah ina 16 au 17 za kutumia kwa usalama, kwa hiyo ni saa moja, saa moja na nusu ukijinyima. Besi ndiyo inayokula karibu kila kitu. Ukipaki, shusha kidhibiti cha sabufa pale redioni, ubakize spika za milango, na muda unaongezeka mara mbili au tatu. Bora zaidi, mwambie fundi akuwekee swichi ndogo kwenye waya mwembamba wa bluu wenye mstari mweupe, ule wa kuamsha amplifaya. Ukiizima, amplifaya inalala kabisa. Ukiacha tu sabufa kwenye sifuri, amplifaya bado iko macho na inakula ampea 1 au zaidi bila kutoa sauti.

Kagua pia waya mnene unaotoka kwenye betri. Seti nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba: kwangua kwa kisu, ukiona weupe ndani umeuziwa alumini. Kwa fyuzi za jumla ya ampea 60 na umbali wa kutoka boneti hadi buti, tumia shaba halisi ya milimita za mraba 16 au 25, na fyuzi yake isizidi sentimita 30 kutoka kwenye betri. Hii fyuzi ni kwa ajili ya moto, maana waya usio na fyuzi ukichubuka pale unapopenya bodi, hakuna kitu cha kuukata.

SWALI: Mimi redio naizima kila nikishuka, tena nachomoa ufunguo. Hata hivyo, gari likikaa siku tatu nyumbani haliwaki. Betri nimebadilisha mara mbili. Tatizo lilianza baada ya kufungiwa redio mpya. Msaada, tafadhali. Mama wa Tanga.

JIBU: Mama, usinunue betri ya tatu. Kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limelala, na kwa kuwa ulianza baada ya redio kufungwa, tuanzie hapo.

Nyuma ya redio kuna waya wa njano, unaotakiwa kuwa na umeme muda wote ili redio ikumbuke saa na stesheni, na waya mwekundu, unaopata umeme pale tu ufunguo uko ACC au ON. Fundi asiyeupata wa ACC huunganisha mwekundu na wa njano pamoja. Redio itafanya kazi vizuri, tena utaifurahia kwa kuwa inawaka bila ufunguo, lakini hailali kamwe. Hata skrini ikiwa nyeusi inaweza kuendelea kula. Kosa la pili ni waya wa bluu wa amplifaya kufungwa kwenye wa njano: amplifaya iko macho usiku na mchana. Mkono wako unaweza kulitambua hilo. Gari likiwa limekaa saa nzima, gusa amplifaya kwa kiganja. Ikiwa ina uvuguvugu, umempata mwizi.

Kosa jingine ni waya wa njano na mwekundu kubadilishana nafasi, na hapo redio husahau stesheni kila unapozima. Hilo halimalizi betri, ila linaudhi.

Kipimo chenyewe hufanywa hivi. Tafuta mita yenye tundu la 10A, chomeka waya mwekundu wa mita hapo, weka kwenye ampea za DC. Zima kila kitu, fungua boneti, na ukitaka kufikia fyuzi za ndani acha mlango wazi lakini bonyeza kufuli lake kwa bisibisi mpaka lijione limefungwa, taa ya ndani izimike. Legeza nati ya kichwa cha hasi bila kukiinua. Shikiza ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye kichwa cha waya, vyote vikiwa bado vimegusana, ndipo uinue kichwa polepole. Kwa njia hii umeme haukatiki hata kidogo, na redio haipotezi kumbukumbu. Usigeuze ufunguo mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika papo hapo.

Mwanzoni utaona ampea kadhaa, usiogope. Kompyuta za gari zinachukua dakika 20 hadi 30 kulala. Baada ya hapo usomaji ukiwa 0.02 hadi 0.05, gari ni zima. Ukiwa 0.5, kwa siku tatu ni 36Ah, na ndiyo habari yako yote. Chomoa fyuzi ya redio: usomaji ukianguka, umefika. Usipoanguka, endelea na nyingine moja moja, ukianza na ya king'ora na ya kifaa cha kufuatilia gari, kama unacho.

Dawa yake ni ndogo kuliko hasara uliyopata: waya mwekundu wa redio upelekwe kwenye waya wa ACC wa swichi au wa tundu la kiwashia sigara, kwa fyuzi yake. Fundi yeyote wa umeme mwenye taa ya kupimia anaupata ndani ya dakika kumi. Na kwa kuwa betri yako ilikuwa ikimalizika mara kwa mara, ichajiwe kwa chaja usiku kucha kabla ya kuihukumu.

SWALI: Nimenunua gari lililotoka Japani. Fundi alipochomoa betri, redio ikafunga na sasa inaomba namba. Tena hata kabla ya hapo haikuwa inashika stesheni nyingi za hapa Dar. Betri ndiyo chanzo?

JIBU: Ni mambo mawili yaliyokutana. Baadhi ya redio za Toyota zenye skrini, zikikosa umeme, huomba kodi (namba ya siri ya kuifungua) na kuonyesha namba inayoanza na ERC. Kodi inatafutwa kwa kutumia namba hiyo, na mijini wapo wanaoifungua kwa malipo. Nyingine hudai kadi ya SD ya ramani ambayo mara nyingi iliibwa bandarini au ilitolewa Japani kabla ya safari. Hiyo ikikosekana, dawa ya haraka huwa ni kubadilisha redio.

Ili yasitokee kwa wengine: kabla ya kuchomoa betri, peleka umeme wa muda kwenye vichwa vya nyaya za gari kutoka betri nyingine ya volti 12, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa waya mwembamba wenye fyuzi ya ampea 5. Ufunguo uwe nje, milango imefungwa. Kumbuka kichwa cha chanya kitakuwa na umeme ingawa betri imetoka, kwa hiyo kifunge kwa kitambaa kikavu au glavu ya mpira kisiguse bodi.

Kuhusu stesheni, betri haihusiki. FM ya Japani ilikuwa 76 hadi 90, za miaka ya karibuni hufika 95, na huku kwetu stesheni ziko 87.5 hadi 108. Ndiyo maana kunauzwa kile kijisanduku kinachofungwa kwenye waya wa antena, ekspanda. Kama kinapunguza 12, stesheni ya 100.0 utaikuta kwenye 88. Lakini redio yenye nafasi ya 14 tu haiwezi kubeba 20 na nusu, kwa hiyo ukikosa za chini ukaweka cha namba nyingine utakosa za juu. Ekspanda ina waya wake wa umeme: ufungwe kwenye waya wa ACC. Tumeona mingi imefungwa kwenye wa njano. Unywaji wake ni mdogo, ila hauna likizo.

SWALI: Ninayo Toyota Aqua. Hii si ina betri kubwa ya umeme? Kwa nini nikisikiliza muziki inakufa kama magari mengine?

JIBU: Kwa sababu redio haili kwenye ile kubwa. Aqua ina betri ndogo ya volti 12 ndani ya gari, upande wa kiti cha nyuma, na hiyo ndiyo inayolisha redio ukiwa ACC. Ni ndogo kuliko ya gari la kawaida kwa kuwa haizungushi starta. Kazi yake ni kuamsha kompyuta tu. Ikiisha, betri kubwa inaweza kuwa imejaa na gari bado lisiamke.

Kwenye haibridi kama Aqua, yaani gari lenye injini na mota ya umeme, ushauri unageuka: ukitaka kusikiliza kwa muda mrefu, usiweke ACC, liwashe mpaka taa ya READY iwake, gia iwe P, breki ya mkono juu. Hapo betri kubwa inaichaji ndogo, na ikipungua injini itajiwasha dakika chache na kujizima. Usiweke N, kwani hapo betri kubwa haichajiwi. Na kwa kuwa injini inaweza kujiwasha wakati wowote bila kukuuliza, usifanye hivyo ndani ya gereji iliyofungwa.

Ukibadilisha hiyo ndogo, ifungwe ya AGM (ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka) yenye mpira wa kutolea hewa nje. Betri ya kawaida ya maji, ikichajiwa, hutoa gesi ya haidrojeni, na hapo iko kwenye chumba mnachokaa na watoto.

SWALI: Je, nikiwasha injini dakika kumi kila baada ya saa moja ya muziki, si inatosha?

JIBU: Inapunguza hasara, haiifuti. Altaneta ikiwa katika mzunguko wa chini inatoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Tuseme ampea 25. Pampu ya mafuta, koili na feni za rejeta zinachukua nusu. Zinazobaki kwa dakika kumi zinarudisha 2Ah. Kama redio ilikula 3, unashuka polepole badala ya kwa kasi. Kuwasha kwenyewe hakugharimu sana kama watu wanavyodhani: ampea 150 kwa sekunde mbili ni chini ya 0.1Ah. Petroli ndiyo gharama, nusu lita hadi lita moja kwa saa kwa injini ndogo.

Kama betri ilikufa kabisa ukabustiwa, nusu saa ya kuendesha barabara kuu hurudisha 10Ah au zaidi kidogo, basi. Altaneta haikutengenezwa kufufua betri iliyokauka. Iweke kwenye chaja ya ampea 4 au 5 usiku mzima, na usiiache ikae siku kadhaa chini ya 12.4, kwani chumvi ya salfa hugandia kwenye sahani na haitoki tena. Ikiwa ni ya kufunguliwa, jaza maji ya betri yaliyosafishwa mpaka alama ya UPPER. Asidi haijazwi, asidi haipungui. Kinachopungua ni maji.

Na fundi akichomoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili “kupima altaneta”, mzuie. Volti hupanda ghafla, na cha kwanza kuungua huwa ni hiyo redio unayotuandikia. Mita kwenye betri, injini ikiwaka, isome 13.8 hadi 14.4. Inatosha kabisa.

SWALI: Tuna Noah ya matangazo, spika mbili za juu na amplifaya, tunasimama sokoni saa tano au sita. Tumeunganisha betri mbili sambamba lakini zote zinaisha.

JIBU: Lazima ziishe zote, kwa sababu mmezifanya kuwa moja. Na kama moja ni mpya na nyingine ya zamani, ya zamani inaivuta mpya usiku kucha hata amplifaya ikiwa imezimwa.

Zitenganisheni. Betri ya gari ibaki kwa ajili ya starta pekee. Ya pili iwe ya kuvumilia kuchotwa, zile zinazouzwa kwa ajili ya sola, 100Ah. Katikati yake fungeni relei inayohisi volti, ya ampea 100 au 140: injini ikiwaka na volti kufika 13.3 hivi, inaunganisha betri zote mbili zichajiwe. Injini ikizimwa na volti kushuka hadi 12.8, inaziachanisha. Waya wa shaba wa milimita za mraba 25, fyuzi ya ampea 80 au 100 karibu na kila betri, kwa sababu kila moja peke yake inaweza kuuchoma waya. Amplifaya na maikrofoni vyote vihamie kwenye ya pili.

Amplifaya yenu kwa maneno na muziki wa kawaida ikila ampea 8, saa sita ni 48Ah, nusu ya betri. Hapo ndipo pa kuishia. Shida itakuwa kuirudisha: safari ya dakika arobaini kati ya soko na soko haijazi 48Ah. Paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, na kidhibiti chake, hutoa ampea 5 jua likiwa kali, na hizo zinaingia wakati uleule mnaotangaza. Jioni chaja. Betri iwe ndani ya boksi lililofungwa mkanda, lenye tundu la hewa kwenda nje.

SWALI: Fuso yangu ni ya volti 24. Redio ya volti 12 nimechukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, na utauona kwenye betri. Uliyoichota inapungua, nyingine haipungui, lakini altaneta inazichaji kwa pamoja kwa volti 28 kama vile ziko sawa. Moja haijai kamwe, nyingine inachemka mpaka maji yanakauka. Funga kipunguza volti cha 24 kwenda 12, cha ampea 10 kwa redio pekee, kikichukua umeme kutoka kwenye ncha zote mbili za jozi na kupitia ACC.

SWALI: Tuko Muscat. Wikiendi tunatoka na familia ufukweni, gari limezimwa, muziki na feni vinafanya kazi. Betri hapa hazimalizi miaka miwili. Joto ndilo linalofanya ziishe tukiwa tumepaki?

JIBU: Joto linafupisha maisha yake: linakausha maji na kuharakisha kutu ya sahani, na chini ya boneti ni kali kuliko hewa ya nje. Kupata miaka miwili kwa joto la huko si ajabu. Lakini kinachoimaliza mchana mmoja ni feni. Feni ya gari kwenye kasi ya mwisho hula ampea 15 na kuendelea, mara tano ya redio, tena inawalazimu muache ufunguo ON. Na bila injini kompresa haizunguki, kwa hiyo mnapulizwa hewa ya moto. Zimeni feni, fungueni milango ya upande wa bahari na mzime taa za ndani kwa swichi yake, redio ibaki ACC.

Kwa mchana mzima, spika ya bluetooth yenye betri yake haina haja ya gari hata kidogo. Mkibeba kifaa kidogo cha lithiamu cha kubusti gari, kibebeni kwenye begi mnalotembea nalo. Msikiache kwenye dashibodi; hakikutengenezwa kuhimili joto la gari lililofungwa juani.